Kioo Kilichooza Pembeni

Shemeji yangu alitangaza kifo cha televisheni yetu mbele ya watu wote wa nyumba, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, tukakubali kuwa imekufa. Ilikuwa inawaka vizuri. Sauti ilitoka, rangi zilikuwepo, na nyasi za uwanjani zilikuwa kijani kama nyasi zinavyotakiwa kuwa. Lakini yeye alisema kioo kimeanza kuoza pembeni. Kuna weusi, alisema, unaingia kutoka kando na kuila picha kidogo kidogo. Alivyosema kwa sauti yake ile nzito, nani angebisha?

Ngoja nimweleze vizuri, maana si mtu wa kupitwa haraka. Yeye na mume wangu ni ndugu wa tumbo moja, yeye kifungua mimba na mume wangu kitinda mimba. Mimi na mkewe nasi ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo nyumba yetu imefungwa mafundo: mume wa dada yangu ni kaka wa mume wangu, na mama mkwe wetu ni mmoja, tukigombana hatuna pa kukimbilia. Wao wana vyumba vyao upande wa barabarani, sisi tuna vyetu upande wa uani, na sebule iliyo katikati ni ya wote. Kiti kilicho mbele ya televisheni, hicho ni chake peke yake.

Mtaani wanamwita Mtangazaji. Jina hilo hakulipata redioni. Mama mkwe wetu alipofuka kabla mimi sijaolewa, kwa presha ya macho iliyogunduliwa kwa kuchelewa, na mama yule alikuwa mpenzi wa mpira kuliko wanawe wote wawili. Basi mwanawe mkubwa akawa macho yake. Kila mechi alikaa ubavuni mwake akimtangazia nani ana mpira, anakwenda nao wapi, nani kaanguka, na kama kaanguka kweli au anajifanya. Filamu nazo hivyo hivyo. "Sasa anafungua mlango, mama. Mjinga huyu, hajamwona yule nyuma ya pazia." Alikuwa hodari, sitaki kumpunja. Mara nyingine nilifumba macho nikamsikiliza yeye tu, na picha niliyoipata ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwenye kioo. Sisi wengine tulinyamaza akitangaza. Kuingilia maneno yake ilikuwa sawa na kumpokonya mama fimbo.

Kazi ya shemeji ilikuwa kuendesha kreni kwenye ghala la vyuma. Kreni ile inatembea juu kwenye reli, karibu na paa, naye amekaa kwenye kibanda chake cha vioo akiangalia chini. Mume wangu anafanya kazi palepale, ila yeye yuko sakafuni: anafunga mnyororo kwenye bomba au mhimili wa chuma, anasogea, anatoa ishara, na kaka yake ananyanyua mzigo. Kwa kelele za mle ndani hakuna anayesikia neno, kwa hiyo mikono ndiyo inayozungumza. Kidole kikizungushwa hewani, pandisha. Kiganja kikielekea chini, teremsha. Ngumi ikiinuliwa, simama hapo hapo, usiguse kitu. Mume wangu amezizoea hata anazileta mezani. Nikimpakulia chakula anainua ngumi, nami najua imetosha. Huwa namtania kwamba nimeolewa na alama ya barabarani, lakini nilijua tangu mwanzo kwamba ngumi ile ndiyo inayomrudisha nyumbani akiwa mzima.

Basi shemeji alipoilalamikia televisheni, tulimwita fundi wa mtaani. Akaifungua mgongo, akapuliza vumbi, akaiwasha, akaitazama kwa mbali na kwa karibu.

"Mzee, hii nzima," akasema. "Kioo hakina hata doa."

"Fundi gani wewe unakataa kazi?" shemeji akamjibu. "Huoni weusi huu wote hapa pembeni?"

Fundi akatutazama sisi, akitafuta mtu wa kumsaidia. Hatukumsaidia. Akafunga vifaa vyake akaenda zake.

Dada yangu alifurahi, maana kwa muda mrefu alikuwa anatamani televisheni pana ya kuangalia filamu zake za mapenzi, watu wakilia machozi makubwa kama maembe. Mimi nilidhani shemeji naye ana yake. "Shemeji," nikamwambia, "sema tu pesa zinakuwasha. Usiisingizie ugonjwa televisheni ya watu."

Akacheka. "Mdomo wako huo, shemeji, ungeweza kuendesha kreni bila umeme."

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa mahali pake kwenye kochi, uso umeelekea dirishani kama kawaida yake.

"Huo weusi unaanzia wapi, mwanangu?"

"Pembeni, mama. Pande zote."

"Na katikati?"

"Katikati safi kabisa."

 Mama akaanza kupapasa upindo wa shuka lake, anaufuata kwa vidole mpaka mwisho kisha anarudi, na sikupenda kumtazama akifanya vile. Jioni nilikisogelea kile kioo hadi pua ikakigusa, nikatafuta weusi. Haukuwepo. Nikamuuliza mume wangu kama yeye anauona.

"Kaka akisema upo, upo," akanijibu.

Ndivyo alivyolelewa. Baba yao alifariki yeye akiwa bado ananyoa kipara cha shule, na kaka ndiye aliyemvalisha, aliyemsomesha, na hatimaye aliyempeleka ghalani akamwonyesha mnyororo unavyofungwa. Kumbisha kaka hakumo kichwani mwake. Mimi kichwani mwangu kumejaa, lakini mimi ni mwanamke wa kuolewa.

Tulikwenda dukani Jumamosi, sote wanne, mama tukamwacha kwa jirani. Duka lile lilikuwa na ukuta mzima wa televisheni, kubwa na ndogo, zote zinaonyesha mpira uleule kwa wakati mmoja. Dada akaenda moja kwa moja kwenye ile kubwa kuliko zote, akasimama mbele yake akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Muuzaji, kijana wa tai, akaanza kuisifu. Ukiangalia mpira kwenye hii, akasema, utadhani mchezaji atakuja kukanyaga zulia lako. Ukiangalia filamu, zima taa kabisa, hutahitaji kwenda sinema tena maishani.

Shemeji alisimama mbele ya ile televisheni. Akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, kama kuku anayechunguza punje.

"Hii nayo imeoza," akasema.

Muuzaji akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. "Mzee, hii imetoka kwenye boksi leo asubuhi."

"Basi imeozea kwenye boksi. Lete nyingine."

Wakahamia ya pili, ya tatu, na zilizofuata, na kila moja ilikuwa na ugonjwa uleule. Akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua ili azione vizuri. Kushoto kwake kulikuwa na stendi ya spika iliyofika kiunoni, kitu ambacho hata mlevi angekikwepa, naye akaigonga ikaanguka kwa kishindo. Alipogeuka akamgonga mama mmoja aliyebeba mtoto. Akamwomba radhi kwa adabu zake zote, kisha akaanza kugeuza uso kumtafuta yule aliyemwomba radhi, na mama yule alikuwa amesimama karibu naye kabisa, ubavuni.

Halafu akanyoosha kidole. "Ile pale. Ile ndiyo nzima."

Kwenye meza ya keshia kulikuwa na televisheni ndogo, ya kumfanya keshia asisinzie.

"Mwenzangu," dada akasema polepole, "ile hata jikoni itaonekana ndogo."

"Picha yote ipo. Pembe zote nne naziona."

Nilicheka, kwa sababu mdomo wangu hucheka kabla kichwa hakijafika. Mwanaume huyu alikuwa amezungumzia televisheni kubwa tangu nimjue, ya kumwonyesha nyasi moja moja. Leo yuko mbele ya ukuta wa televisheni, dada yangu ameshakubali, na yeye anachagua ya kuwekwa juu ya friji. Kisha niliitazama tena ile kubwa, nikaitazama ile ndogo. Mpira ni uleule, picha ni ileile, hakuna weusi popote. Kicheko kikanikauka. Nikamtazama mume wangu, naye akatazama viatu vyake.

"Kaka anajua anachotaka," akamwambia muuzaji.

Tulirudi na kiboksi ambacho hata mimi ningeweza kukibeba kwapani. Tulipoingia chumbani kwetu, mume wangu alivua shati, nikaona bega lake limechubuka, mchubuko mrefu ulioanza kufanya ukoko.

"Nini hii?"

"Bomba lilinikwaruza juzi. Si kitu."

"Lilikukwaruzaje na wewe unasimama kwenye nguzo?"

Nguzo ile naijua kwa maneno yake. Iko kando, mbali na njia ya mzigo, na tangu aanze kazi alikuwa anasimama hapo kutoa ishara. Nilipoolewa naye alinichorea kwa kidole mezani ili nisiogope: mimi hapa, mzigo unapita kule.

"Siku hizi sisimami kwenye nguzo," akasema. "Nasimama mbele, katikati. Kaka anasema nikiwa kando hanipati vizuri. Taa za pale mbovu."

"Na wenzako?"

"Wote tumehamia katikati."

"Katikati si ndiko mzigo unakopita?"

"Tunakimbia ukikaribia." Alisema hivyo huku akitafuta shati lingine, kama mtu anayeeleza kwamba amebadilisha njia ya kwenda sokoni.

Niliogopa. Sina neno la kuipamba hofu ile. Nilikaa kitandani. Kumbe si sisi tu wa nyumbani tuliokuwa tunakubali kwamba kioo kimeoza. Ghala zima lilikuwa limekubali, tena kwa miguu. Wanaume wazima wamehama mahali pa usalama wakasimama chini ya chuma, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana Mtangazaji hajawahi kukosea.

"Nenda kamwambie bosi," nikasema.

"Nimsemee kaka yangu? Kesho wamtoe kazini kwa mdomo wangu?"

"Basi mwambie mwenyewe."

"Nimwambie nini? Kwamba haoni? Mtu ambaye ndiye macho ya mama?" Akavaa shati. "Jumatatu tuna mihimili mirefu ya kushusha. Ikiisha hiyo, nitaangalia."

Mihimili mirefu. Yeye alinitajia ili kunituliza.

Siku ya pili, Jumapili alasiri, kulikuwa na mechi. Televisheni mpya iliwekwa juu ya kabati la ile ya zamani, ikaonekana kama kifaranga juu ya kiota cha bata. Shemeji alikisukuma kiti chake nyuma hadi kikagusa ukuta wa mwisho wa sebule, akakaa, akavuta pumzi. Kutoka kule, alisema, kila kitu kinaonekana. Mama mkwe aliwekewa kiti ubavuni mwake, upande wa kulia. Mume wangu alikaa kwenye kochi chini ya dirisha, na mimi na dada tukakaa kwenye mkeka.

Akaanza kutangaza. Nikafumba macho kama nilivyozoea, na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu ambacho macho yangu yalikuwa yananificha. Alikuwa anachelewa. Watu wa uwanjani walipiga kelele kwanza, kisha yeye akasema, "Ameingia kwenye boksi, mama." Filimbi ililia kwanza, kisha yeye akasema, "Mpira umetoka." Alikuwa anatangaza kwa masikio.

"Nani kautoa?" mama akauliza.

"Yule... beki."

"Beki yupi?"

"Beki tu, mama. Wamefanana."

Wakati wa mapumziko mama akasema, bila kugeuza uso, "Mimi nililaumu taa."

Akavuta upindo wa shuka lake.

"Marehemu baba yenu alibadilisha taa ya sebule kwa ajili yangu. Akabadilisha ya jikoni. Akaniletea ya mezani, nzuri, ya kushonea. Kila aliyoleta nilisema mbovu, inaangaza katikati tu, pembeni giza. Alipochoka kuleta taa, mimi nilikuwa nimeshamaliza kuona."

"Mama, ya kwako yalikuwa macho," shemeji akasema. "Hii ilikuwa televisheni. Na tumeshaibadilisha."

"Nami nilisema hivyo hivyo. Yangu ilikuwa taa." Akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwanawe. "Toka lini unangoja watu wa uwanjani wapige kelele ndipo uniambie?"

Shemeji akauondoa mkono wake. Hakuwahi kumwondolea mama mkono hata siku moja kabla ya hapo. "Nimechoka kidogo tu," akasema. "Hakuna mtu mgonjwa hapa. Kesho naingia kazini, kuna mihimili ya kushusha, na wote mtakula. Ongeza sauti."

Mume wangu akaongeza sauti. Dada akainamia mkeka. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa inaishi. Methali nyingine inasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini haisemi ni kifo cha nani. Nilimtazama mume wangu, bega lake lile limevimba chini ya shati, na nikakasirika kiasi kwamba kama ningefungua mdomo wangu huu wenye sifa, ningewatukana wote, pamoja na mama. Kwa hiyo sikuufungua.

Kipindi cha pili kilipoanza niliinuka. Nikapita ukutani hadi mbele, nikasimama kando ya kabati la televisheni, upande wa kushoto, mkono mmoja tu kutoka kwenye kioo. Nikamgeukia shemeji. Nikainua ngumi juu.

"Wanaanza, mama," akasema shemeji. "Wamebadilisha mmoja."

Mume wangu alinitazama akatabasamu, akadhani ni utani wangu. Nikaendelea kusimama. Shemeji alikuwa ameelekeza uso kwangu kabisa, macho makavu, angavu, yamefunguka, na hayakunikuta. Tabasamu la mume wangu likaondoka. Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi, akamtazama kaka yake tena. Dada aliziba mdomo kwa kiganja.

Mume wangu akaondoka kwenye kochi taratibu, akapita upande wa pili, na kusimama kulia kwa televisheni, mahali ambapo kama sebule ingekuwa ghala ndipo ingekuwa nguzo. Akapanua miguu kama anavyosimama kazini. Akainua ngumi.

"Anakwenda, mama," akatangaza shemeji. "Anakwenda, anakwenda vizuri, katikati..."

Mchezo uliendelea. Sijui nani alikuwa anaushika mpira, kwa kuwa hakuna mtu mle ndani aliyekuwa anautazama isipokuwa yeye. Mkono wangu ulianza kufa ganzi. 

"Mbona nyumba imenyamaza?" mama akauliza.

"Wanaangalia mpira, mama."

"Kaka," akaita mume wangu.

Shemeji akaelekeza uso kwenye kochi lililo chini ya dirisha. Akalitazama lile kochi tupu. Kisha akaanza kugeuza kichwa polepole, akaupita ukuta, akalipita pazia, akatafuta, hadi akaifikia ngumi. Akaitazama. Hakuna mtu duniani aliyejua maana ya ngumi ile kuliko yeye. Akashuka nayo, mkono, bega, hadi usoni kwa mdogo wake.

"Toka lini upo hapo?"

"Toka kipindi kianze, kaka."

 Shemeji akakirudisha kichwa upande wa pili, akanikuta na mimi na ngumi yangu, na aliponitazama nilitamani ardhi inimeze, maana shemeji yule sikuwahi kumwona akiogopa. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, kama anahesabu watu waliosimama ghalani wiki zile zote.

"Shusha mkono, mdogo wangu," akasema. "Nimesimama."

Mume wangu akashusha. Akabaki palepale analia, mikono imening'inia.

Kwenye televisheni watu wakapiga ukelele. Mama mkwe akainua uso. "Nini hicho? Nani ana mpira, mwanangu?"

"Sijui, mama," akasema shemeji.

Nilikwenda nikakaa chini baina ya viti vyao viwili, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesogea. Mpira siujui. Majina ya wachezaji siyajui, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sikuwa na utani hata mmoja. Nikasema kuna mmoja mwenye jezi nyekundu anaukimbiza, kuna wengine wenye jezi nyeupe wanamfuata, sasa kaupiga, sasa kauchukua mwingine. Nilikuwa nauharibu mchezo kabisa. Mama aliniinamia upande huu kunisikiliza. Upande wa pili nikasikia kiti kinalia, nikageuka, nikamwona shemeji amefumba macho na kuinamisha kichwa chake karibu na changu.

"Taratibu, shemeji," akasema. "Na useme anakwenda upande gani."